Mama Catherine Hajibu Salamu Ovyo

Ukipanda kutoka sokoni Tengeru kuelekea mlimani, ukavuka mfereji wa pili, huenda ukakutana na mwanamke mfupi aliyevaa gambuti kubwa kuliko miguu yake, mkungu wa ndizi kichwani. Msalimie, lakini uwe na nafasi. Ukimwuliza habari za asubuhi, usitegemee akwambie nzuri ili kila mtu aendelee na hamsini zake. Atasimama. Atautua mkungu. Atatazama huku na huku kama mtu aliyeangusha sindano, kisha atakwambia, "Nashukuru kiberiti kimewaka kwa njiti ya kwanza, maana zilibaki mbili." Kama ulikuwa na haraka, shauri yako. Nani alikutuma uulize?

Jina lake la ubatizo ni Magreth, ila hilo linatumika kliniki ya presha tu. Kijiji kizima kinamwita Mama Catherine, kwa jina la mwanawe wa pekee. Na hapo ndipo palipouma, kwa sababu kwa mwaka mmoja na miezi mitatu huyo Catherine hakusema na mama yake hata neno moja. Kila aliyemsalimu Magreth njiani alimtajia jina la mtoto aliyemnunia, na kila mara ilimbidi aitikie.

Huku kwetu jambo hili limesimuliwa sana, na kila msimulizi ametia chumvi yake. Wapo wanaosema waligombania shamba. Wapo wanaomsingizia mkwe. Uongo mtupu. Waligombana kwa sababu ya salamu.

Catherine anaishi mjini Arusha, Engutoto, na mumewe Bariki anayeendesha magari ya watalii. Yeye mwenyewe ni fundi cherehani, ana kibanda Daraja Mbili, na sare nyingi za kwaya za upande ule zimepita mikononi mwake. Mimba yake ya kwanza ilipofika miezi saba, presha ilimpanda ghafla, madaktari wakampasua siku hiyohiyo ili wawaokoe wote wawili. Mtoto alikuwa wa kike, anaenea kwenye viganja viwili. Catherine alilazwa wodi nyingine, homa inapanda na kushuka, haruhusiwi kuinuka. Bariki alikuwa mbugani na wageni, mahali ambapo simu haishiki. Aliyekuwepo ni Magreth.

Nesi alimwuliza kama angeweza kumbeba mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, amfunge kwa kitenge, ili joto la mwili wake lifanye kazi ya tumbo la mama. Magreth alivua blauzi kabla nesi hajamaliza kueleza. Kwa siku nne alikaa kwenye kiti cha plastiki, mtoto kifuani, akimwachia nesi kwa dakika chache tu ili akamchungulie binti yake na kurudi. Siku ya nne, saa nne asubuhi, mtoto akaacha kupumua. Manesi walifanya waliloweza. Halafu mmoja wao akakikunja kile kitenge taratibu, akamfunga Magreth vifungo vya blauzi, maana mikono yake ilikuwa haishiki kitu.

Akatoka ili akamwambie mwanawe. Kwenye korido akakutana na mama mmoja wa usharika wao, amekuja na chupa ya uji. "Mama Catherine! Habari za mjukuu?"

Na mdomo wa Magreth, mdomo uliojibu salamu kwa miaka hamsini na minane, ukajibu wenyewe: "Nzuri tu, mama. Tunamshukuru Mungu."

Usimcheke. Wewe na mimi tungejibu hivyohivyo. Kwetu hata mtu ambaye nyumba yake inaungua, ukimwuliza habari atasema nzuri kwanza, ndipo aombe ndoo. Habari mbaya huja baadaye, kwenye "ila". Magreth alikuwa na "ila" yake tayari mdomoni. Lakini kabla hajaitoa alimwona Catherine, nyuma ya yule mama, amesimama ameshika ukuta. Siku hiyo ndiyo aliyoruhusiwa kuinuka, akaja kumwona mwanawe kwa miguu yake mwenyewe, hatua kwa hatua. Alikuwa amesikia. Uso mzima ulimng'aa kwa furaha. "Anaendelea vizuri, eeh mama?" akasema. "Nilijua tu."

Ile "ila" ikamkwama Magreth kooni. Alitikisa kichwa, akakitikisa tena, na mwishowe nesi ndiye aliyesema.

Baada ya mazishi Catherine alimwambia mama yake sentensi moja: "Ulinifanya nifurahi, mama." Hakuongeza kitu. Tangu hapo akanyamaza.

Magreth alijitetea, lakini kwa nani? Simu zake zilipokelewa na Bariki. Ndizi alizotuma zilipokelewa na Bariki. "Mwambie ni mazoea tu, baba, mdomo uliteleza," alisema, na Bariki, kijana mwenye adabu zake, akaahidi kusema, na hakuna jibu lililorudi. Krismasi ikapita, Catherine hakupanda mlimani. Mahindi ya shamba lake la kule chini Nduruma nayo yalikaukia magotini. Hans, mume wa Magreth, alikuwa na miaka mitatu kaburini nyuma ya migomba, kwa hiyo hata wa kulalamikiana naye hakuwepo. Alibaki na gambuti zake.

Akaanza kukwepa watu. Hakuwachukia, aliogopa kusalimiwa. Neno "nzuri" lilikuwa limemgeuka, akilisikia kwa wengine au akijisikia analisema mwenyewe, anamwona Catherine ameshika ukuta. Kwa hiyo akaacha njia kuu, akawa anapita katikati ya kahawa ya jirani, ameinama. Kanisani alifika watu wamekwisha kaa, akatoka wimbo wa mwisho haujaisha. Miezi mitano aliishi hivyo, na kusema kweli alikuwa anaisha kidogokidogo.

Mwenye hiyo kahawa ni Susana, mwanamke wa makamo, mjane kama yeye, mdomo wake hauna breki. Asubuhi moja ya ukungu Susana alijibanza nyuma ya mgomba, Magreth alipotokea na mzigo wa majani ya ng'ombe mgongoni, akamzibia njia.

"Mama Catherine, siku hizi unapita kwangu kama mwizi wa ndizi. Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, mama."

"Basi habari za asubuhi?"

Magreth akafungua mdomo. Neno lilikuwepo, limekaa palepale linapokaa siku zote. Akalimeza.

"Sijui," akasema.

"Sijui ndiyo salamu gani? Nimekuuliza habari, sijakuuliza hesabu."

"Ngoja kwanza." Akatafuta kitu ambacho si uongo. Alifikiria shamba, akaliacha. Akafikiria mguu wake, akauacha. Ukungu ulikuwa unadondoka kwenye majani ya migomba, na yeye amesimama tu, na Susana, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, amenyamaza. "Kamba ya mzigo," Magreth akasema mwishowe. "Leo haijanikata bega. Kwa hilo nashukuru."

Susana akaitazama kamba. "Haya. Tushukuru kwa kamba," akasema, kisha akaangua kicheko, akacheka mpaka akakohoa, na Magreth naye akacheka. Alishtuka kusikia sauti yake. Alikuwa hajacheka tangu hospitali.

Kesho yake Susana alikuwa palepale anamsubiri. "Leo umeniletea nini?" Na keshokutwa. Ikawa ndiyo desturi yao, na kutoka kwao ikaenea hadi kwa wauza mboga wa Tengeru. Nosim, mama wa Kiarusha anayeuza maziwa pembeni ya Magreth sokoni, aliipenda kuliko wote. "Nyinyi Wameru," alisema, "mnasalimiana kama watu wanaofukuzwa na mvua. Sisi tukiulizana habari tunakaa chini. Sasa angalau yupo mmoja anayejibu."

Magreth alijiwekea masharti, na aliyashika kwa ukali ambao hata Susana alimtania nao. Kitu chenyewe lazima kiwe cha leo, si cha jana. Lazima kiwe kimempata yeye, si alichosikia redioni. Na kisiwe kitu kinachomuuma ambacho watu wanataka akishukuru ili wao wapumzike. Mtu akimwambia ashukuru kwa yote, alijibu kwamba yote hajayaona, ameona maziwa yameganda vizuri. Mzee mmoja wa kanisa alimwita pembeni akamwonya kwamba shukrani ni kwa mambo makubwa, kupona, kufaulu, kunusurika, na kwamba kumshukuru Mungu kwa chumvi ni kama mzaha. "Makubwa yakija nitayashukuru, mzee," Magreth akamjibu kwa heshima. "Kwa sasa nina chumvi." Mzee hakumrudia tena.

Si kila siku alikipata. Mwezi wa saba baridi ya mlimani iliingia kwenye magoti, ng'ombe akapunguza maziwa, na mara kadhaa alimwambia Susana, "Leo bado. Niulize jioni." Halafu mchana kutwa akawa anatafuta, na katika kutafuta akaanza kuona vitu alivyokuwa anavipita tu: kwamba mfereji ukijaa hubadilisha sauti, kwamba mlima ukifunuka asubuhi hufunuka kuanzia juu, kwamba mbuzi wa Susana anamfahamu kwa jina na mbwa hamfahamu. Jioni akawa na vitatu badala ya kimoja. Alikuwa anaanza kufurahi. Aliionea aibu furaha hiyo, akaificha, kwa sababu Catherine alikuwa kule chini mjini, bado amemnunia. Shida hazikupungua, hilo niliseme wazi. Shamba lilibaki kavu, na mahali pa Catherine palibaki wazi. Ila sasa aliweza kupita njia kuu.

Ndipo siku moja, mwezi wa pili wa mwaka uliofuata, Bariki akapiga simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Habari za huko?"

Bariki hakusema nzuri. Hata yeye alikuwa amejifunza kuogopa swali hilo. "Mama, Catherine ana mimba. Miezi saba."

Magreth akakaa kwenye kinu kilichopinduliwa, palepale jikoni. Miezi saba, na hajaambiwa.

"Presha imeanza tena," Bariki akaendelea. "Dokta amesema alale, asinyanyuke ila kwenda chooni. Na mimi kesho natoka na wageni, siku kumi. Nimejaribu kumpa mwenzangu safari hii, imeshindikana. Njoo mama, nakuomba."

"Amekubali?"

"Hajakataa."

"Umemwuliza?"

"Hapana," akasema Bariki.

Alfajiri Susana alimsindikiza hadi barabarani, amebeba ndizi za kupikia supu ya mtori, na Magreth mwenyewe ameshika ndoo ya loshoro, mahindi na maziwa mgando, chakula alichokipenda Catherine tangu utoto. Njia nzima hadi mjini alikuwa anaandaa jibu. Alijua ataulizwa habari. Hata mtu aliyenuniwa huulizwa habari. Alikuwa na shukrani za miezi yote ile za kuchagua, akazipitia moja moja kama msichana anayechagua gauni la harusi. Ya mbuzi ilikuwa nzuri, Catherine angecheka. Ya sauti ya mfereji ilikuwa nzuri zaidi. Alipofika Engutoto alikuwa amechagua ya mfereji.

Bariki alimfungulia mlango begi likiwa begani, akamshukuru, akatoka mbio kama mtu aliyewasha baruti. Magreth akaingia chumbani. Catherine alikuwa amelala kwa ubavu wa kushoto, uso umeelekea ukutani, tumbo limejaa chini ya shuka. Magreth akatazama chumba. Hapakuwa na beseni la mtoto, hapakuwa na kofia, wala kipande kimoja cha nguo ndogo. Fundi cherehani, miezi saba, na hajashona hata soksi. Magreth alielewa maana yake.

"Shikamoo," Catherine akauambia ukuta.

"Marahaba, mwanangu."

Nje mtu alikuwa anasuuza vyombo. Kisha, kwa sauti ileile ya kumuuliza mgeni ambaye hukumwita:

"Habari za nyumbani?"

Magreth akautafuta mfereji wake, asiupate. Mbuzi naye hakuwepo. Alichokuwa nacho mdomoni ni kitu kimoja tu, na kilikuwa kweli, na kilikuwa cha leo, na kilikuwa kimempata yeye.

"Mbaya," akasema.

Catherine akageuza kichwa. Maisha yake yote hakuwahi kumsikia mtu akijibu hivyo.

"Mbaya, Catherine. Tangu siku ile ni mbaya. Na siku ile ndiyo ilikuwa mbaya kuliko zote, mimi nikasema nzuri. Hapakuwa na cha kushukuru, nikashukuru. Nimewaambia watu ni mazoea, nimemwambia mumeo mdomo uliteleza. Hayo yote ni kujitetea. Nilikudanganya, ukafurahi kwa ajili ya uongo wangu. Nisamehe, mama."

Hakuongeza "ila". Alisimama tu.

Catherine alijiinua kwa kiwiko. Hakulia. "Kila mtu aliniambia tushukuru," akasema polepole. "Mchungaji. Mawifi. Wateja wangu. Tushukuru wewe umepona, tushukuru bado kijana. Hakuna hata mmoja aliyeniambia kwamba ni mbaya."

"Ni mbaya."

"Ndiyo," Catherine akasema, na pumzi ndefu ikamtoka. Kisha macho yake yakashuka kwenye mkono wa mama yake. "Sasa mbona umesimama na ndoo? Itue basi, ukae."

Siku zilizofuata zilienda taratibu. Magreth alipika, alifua, alimpima mwanawe kwa kile kimashine cha presha alichoachiwa na Bariki, akiandika namba kwenye karatasi ya kalenda kwa mwandiko wa mtu anayechonga mbao. Walizungumza mambo madogo: bei ya uzi, ng'ombe, nani kaolewa. Siku ya tatu jirani alipita mlangoni, akasalimia, na Magreth akamjibu kama alivyozoea. Catherine akaita kutoka kitandani.

"Mama, umemwambia nini yule?"

"Nimemwambia nashukuru maji yamerudi kabla sijaanza kuosha sufuria kwa machozi."

"Ndivyo unavyojibu siku hizi?"

"Tangu uliponinyamazia. Niliuogopa mdomo wangu, nikaufunga kamba. Siku hizi hauruhusiwi kushukuru kitu ambacho sijakiona kwa macho."

Magreth akasikia shuka la Catherine likitikisika. Alikuwa anacheka kimyakimya, mkono mdomoni, kama alivyokuwa akicheka kanisani zamani akiwa mtoto. Magreth akaenda jikoni akajifanya anatafuta mwiko, akalia huko kwa raha zake.

Tangu hapo kila asubuhi Catherine alimwuliza habari za leo, na Magreth akajibu. Lakini Magreth hakumwuliza yeye. Aliona kwamba mwanawe akipigwa teke tumboni huacha kuzungumza, husubiri lipite, kisha huendelea kana kwamba hakuna kitu. Siku ya sita alithubutu.

"Amecheza?"

"Sijui." Baadaye kidogo Catherine akasema, "Naogopa, mama. Nikifurahi tu, mtu atatokea kwenye korido. Bora nisifurahi mpaka mwisho."

Magreth alikaa na maneno hayo siku mbili. Alijua furaha hiyo ni nani aliyeichukua. Asingeweza kumwambia ashukuru. Angekuwa mtu wa kumi kumwambia. Akaendelea kumenya ndizi.

Siku ya nane, baada ya chakula cha mchana, mvua ilipiga bati kisha ikaacha. Catherine alikuwa amelala kwa ubavu ule wa kushoto, lakini sasa kitanda kilikuwa kimegeuzwa, uso ukaelekea mlangoni. Magreth alikuwa kwenye kigoda, anachambua mchele.

"Mama, wewe ulikaa naye siku nne."

Mikono ya Magreth ikasimama kwenye ungo.

"Mimi nilimwona mara moja, ameshafunikwa," Catherine akasema. "Mtu akinitajia mtoto wangu naona shuka tu. Shuka la kijani. Sina kingine. Alikuwaje?"

Magreth akaweka ungo chini. Akaanza.

"Alikuwa na nywele. Nyingi, mpaka kwenye paji la uso, za baba yako kabisa. Siku ya kwanza nilikuwa nazisogeza kwa kidole ili nimwone. Na hasira za kwako. Nesi akimgusa mguu anakunja uso hivi, unavyokunja wewe ukinyimwa sukari."

"Mimi sikunji uso."

"Unaukunja sasa hivi. Siku ya pili akashikwa na kwikwi. Asubuhi nzima, kwikwi, kwikwi, kila moja inanigonga hapa kifuani. Na kila ikimtoka anashtuka, kama vile nimemfanyia mimi. Nesi akacheka mpaka akakaa. Nikaanza kumwimbia zile za kwaya, sauti yangu unaijua, akafungua jicho. Moja."

"Jicho moja?"

"La kushoto. La kulia alilifanyia uvivu. Alinitazama hivi, akalifunga tena, kama mtu aliyechungulia dirishani akakuta ni mdai. Nikanyamaza, akafungua. Nikaimba, akafunga."

Catherine alikuwa anacheka, mikono miwili imeshika tumbo, machozi yanamtelemka hadi masikioni, hayafuti.

"Ya tatu?"

"Ya tatu akashika uzi wa kitenge, pale kwenye pindo. Akaukamata. Nesi alitaka kumpima, hauachii. Ikabidi tumfungue kidole kimoja kimoja, na tukimfungua cha pili cha kwanza kinarudi. Nikamwambia nesi, mwache, huyu ni wa fundi, anakagua pindo." Magreth akaweka kiganja kifuani. "Ya nne wakampa matone ya maziwa uliyokamuliwa wewe. Akayalamba, akapiga chafya moja ndogo, akaweka shavu hapa. Joto lake lilikuwa zuri. Akalala."

Akaishia hapo. Kilichofuata wote wawili walikuwa wanakijua.

Maji yalidondoka kutoka batini. Catherine alifunga macho, midomo inacheza kidogo kama anayerudia kitu asikisahau. Tumboni mwake shuka lilinyanyuka mahali pamoja, likashuka, na safari hii hakusubiri lipite. Aliweka mkono juu yake akauacha hapo.

"Muda wote huu nilijua kitu kimoja tu, kwamba alikufa," akasema. "Kumbe aliishi."

Magreth akakivuta kigoda karibu na kitanda.

"Anza tena, mama," Catherine akasema. "Anza na nywele."